Tathmini ya ClinicalTrials.gov kwa anayeuguza mgonjwa wa saratani

Huduma ninayoitathmini haiuzwi, haitangazwi redioni, wala haimdai mtu nenosiri au namba ya simu kabla ya kumhudumia. ClinicalTrials.gov ni daftari la mtandaoni la majaribio ya kitabibu linaloendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na ndani yake zimesajiliwa tafiti zaidi ya 500,000 kutoka nchi zaidi ya 200. Nimelitumia kwa muda mrefu katika kazi yangu ya kuhariri makala za afya, na pia kwa sababu ndugu na majirani wanaouguza wagonjwa wa saratani wamezoea kuniletea habari walizotumiwa kwenye simu, zile zenye kichwa cha "dawa ya kansa yapatikana", wakitaka nizithibitishe. Maoni yangu ni kwamba hiki ni chombo bora kuliko vyote nivijuavyo cha kupimia habari za aina hiyo, lakini ni chombo dhaifu cha kumtafutia mgonjwa matibabu, na anayelifungua daftari hili kwa shabaha hiyo ya pili bila kuelekezwa anaweza kupoteza muda ambao mgonjwa wake hana.

Asili yake inaeleza mengi kuhusu tabia yake. Mwaka 1988, wakati wagonjwa wa Ukimwi nchini Marekani walipokuwa wakipigania haki ya kujua dawa gani zinajaribiwa na wapi, sheria ilipitishwa iliyodai kuwapo kwa orodha ya majaribio ya dawa za ugonjwa huo. Sheria ya mwaka 1997 ikapanua wajibu huo hadi magonjwa mengine mazito yanayotishia uhai, saratani ikiwamo, na tovuti yenyewe ikafunguliwa kwa umma Februari 2000. Mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba walianza kukataa kuchapisha matokeo ya jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Mwaka 2007 sheria nyingine ya Marekani ikadai matokeo yenyewe nayo yawekwe hadharani, na sehemu ya matokeo ikaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Daftari hili, basi, limejengwa kwa kurundika matakwa ya watu mbalimbali, na mtumiaji makini huyaona yote katika ukurasa mmoja: mistari ya juu inazungumza na mgonjwa, majedwali ya katikati yanazungumza na mtafiti, na tarehe zilizotapakaa kila mahali zinazungumza na mwanasheria.

Nitumie mfano ambao wengi watakuwa wanaukumbuka. Juni 2022 ilienea duniani kote habari kwamba dawa iitwayo dostarlimab imeiondoa saratani kwa wagonjwa wote waliopewa, na katika makundi ya WhatsApp ya kwetu habari hiyo ilifika ikiwa imevuliwa kila sharti lake. Ukiandika jina la dawa hiyo katika kisanduku cha tiba, na saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, katika kisanduku cha ugonjwa, utalikuta jaribio lenye namba NCT04165772, la hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York. Namba hiyo ya herufi tatu na tarakimu nane ndiyo kitambulisho cha jaribio kwa maisha yake yote, na habari yoyote ya dawa mpya ya saratani isiyoweza kutajiwa namba ya aina hiyo, au ya daftari jingine linalotambuliwa, mimi huisoma kwa tahadhari kubwa.

Ukurasa wa jaribio hilo ulijibu karibu maswali yote niliyokuwa nikiulizwa. Ni jaribio la awamu ya pili, yaani hatua ya kati ya kuipima dawa kwa watu, lisilo na kundi la kulinganisha. Halikumpokea kila mwenye saratani ya puru, bali wale tu ambao uvimbe wao una kasoro katika mfumo unaorekebisha makosa ya vinasaba, na hao ni kati ya asilimia 5 na 10 ya wenye saratani hiyo. Dawa ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki tatu kwa muda wa miezi sita, na taarifa ya mwaka 2022 ilihusu wagonjwa 12 waliokuwa wamemaliza matibabu na kufuatiliwa kwa angalau miezi sita. Habari ile, kumbe, haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli kwa watu wachache, na kichwa cha habari hakikusema wachache hao ni akina nani. Tena imezidi kuimarika, kwa sababu taarifa ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba wagonjwa 49 wa saratani ya puru waliomaliza matibabu katika utafiti huo wote hawakuonekana tena na uvimbe, bila kupasuliwa. Kwa mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa, faida ya kuusoma ukurasa huo ni kwamba swali lake linabadilika. Badala ya kumuuliza daktari dawa ile inapatikana wapi, anamuuliza kama kinyama kilichochukuliwa kwa mgonjwa kimepimwa kasoro hiyo, na hilo ni swali linaloweza kujibiwa na maabara.

Hali ni hiyo hiyo kwa kile kinachotangazwa kuwa chanjo ya saratani. Jaribio la kampuni za Moderna na Merck, namba NCT03897881, liliwahusisha wagonjwa 157 wa melanoma, saratani ya ngozi, ambao walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji na walikuwa katika hatari kubwa ya kurudiwa na ugonjwa. Wote walipewa dawa ya kinga iitwayo pembrolizumab, na baadhi yao wakaongezewa chanjo iliyotengenezwa kwa kila mgonjwa peke yake kutokana na mabadiliko ya vinasaba vya uvimbe wake. Walioongezewa walikuwa na hatari ya kurudiwa na ugonjwa au kufa iliyopungua kwa asilimia 44 ukilinganisha na wenzao, na mwaka 2023 jaribio kubwa la awamu ya tatu likaanza. Mtu akisoma sehemu ya vigezo vya kushiriki, hata kwa haraka, hawezi tena kudhani kwamba hii ni sindano ya kumkinga mtu mzima wa afya kama tunavyowachanja watoto dhidi ya surua.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo wageni wengi hupita bila kuibofya, nayo ni kumbukumbu ya mabadiliko. Kila mara mdhamini wa jaribio anapobadilisha jambo katika taarifa yake, toleo la awali halifutwi, bali huhifadhiwa pamoja na tarehe yake, na mtu yeyote anaweza kuweka matoleo mawili sambamba na kuona kilichoondolewa na kilichoongezwa. Jambo hili lina uzito mkubwa katika saratani, ambako kipimo cha mafanikio si kimoja. Dawa inaweza kuchelewesha kukua kwa uvimbe kwa miezi michache bila kumwongezea mgonjwa hata siku moja ya kuishi, na vipimo hivyo viwili vina majina tofauti katika daftari. Mtafiti aliyetangaza mwanzoni kwamba atapima urefu wa maisha, halafu akachapisha makala inayosifu kupungua kwa uvimbe, ni kama mchezaji aliyepiga mpira kwanza kisha akalihamishia goli pale ulipoangukia. Bila kumbukumbu hii hakuna awezaye kumshika. Nayo inapatikana bure, kwa yeyote, kijana wa chuo cha uuguzi wa Songea akiwa na nafasi sawa na mhariri wa jarida la London.

Je, wadhamini wenyewe wanatii? Hapa sifa zinapungua, ingawa lawama si yote ya tovuti. Sheria ya Marekani inadai majaribio yanayohusika yaweke matokeo ndani ya mwaka mmoja tangu kukamilika kwa ukusanyaji wa takwimu za kipimo kikuu, na kanuni zake za kina zilianza kutumika Januari 2017. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa majaribio 4,209 yaliyokuwa yamefikia wakati wa kuweka matokeo, wakakuta ni asilimia 40.9 tu yaliyofanya hivyo kwa wakati, na asilimia 63.8 yaliyofanya hivyo kwa wakati wowote ule. Faini inayoruhusiwa inaweza kufikia dola 10,000 au zaidi kwa kila siku ya kuchelewa, lakini mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa notisi yake ya kwanza ya ukiukaji Aprili 2021, miaka mingi baada ya sheria kupitishwa. Notisi hiyo, kwa bahati, ilihusu jaribio la saratani ya figo. Daftari linaonyesha wazi nani amechelewa, kwa sababu tarehe ziko pale pale, lakini halina meno. Nalihesabia hilo kuwa upungufu wa huduma, kwani mgonjwa aliyeridhia kudungwa dawa isiyojulikana alifanya hivyo kwa ahadi kwamba wengine watajifunza kutokana naye.

Sasa nije kwenye matumizi ya kwetu. Andika saratani ya mlango wa kizazi katika kisanduku cha ugonjwa na Tanzania katika kisanduku cha mahali, na miongoni mwa utakayoletewa ni jaribio la DoRIS, namba NCT02834637, lililofanyika Mwanza chini ya kituo cha utafiti cha MITU pamoja na washirika wa London. Wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi sita ya wasichana 155 kila moja, wakapewa dozi moja, mbili au tatu za mojawapo ya chanjo mbili za virusi vya HPV, ili ijulikane kama dozi moja inatosha kuamsha kinga. Baada ya miezi 24, zaidi ya asilimia 97 ya waliopewa dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina mbili za virusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo. Ukibadilisha nchi ukaandika Kenya, utalipata jaribio la KEN SHE, namba NCT03675256, la wasichana na wanawake vijana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 katika maeneo ya Kisumu, Thika na Nairobi, lililoongozwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Hilo lilipima maambukizi yenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika kipindi cha miezi 18.

Majaribio haya mawili ni kati ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani, Desemba 2022, kukubali ratiba ya dozi moja, na Tanzania iliingia katika ratiba hiyo mwaka 2024. Nimeona watu walioelimika wakidai kwamba dozi zilipunguzwa kwa sababu ya ubahili, au kwamba watoto wetu walifanywa vitu vya kujaribia bila mtu kujua. Kurasa hizo mbili zinamjibu anayedai hivyo kuliko hotuba yoyote. Zinaonyesha kundi gani lilipewa nini, tangu lini, kwa idhini ya aina gani, na kipimo cha mafanikio kilikuwa kipi kabla ya matokeo kujulikana. Katika ukurasa wa KEN SHE utaona hata jambo ambalo vyombo vya habari vingi havikulitaja: kundi la kulinganisha halikuachwa mikono mitupu, bali lilipewa kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na chanjo ya HPV ikafuata baadaye. Kwa mzazi anayesitasita, habari hiyo ndogo ina thamani yake.

Upande wa matibabu, mfano mzuri ni jaribio la saratani ya Kaposi kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, lililowaandikisha watu 334 nchini Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil kati ya 2013 na 2018. Lililinganisha aina tatu za tiba ya kemo ambazo zote zilikuwa zikitumika hospitalini, na kundi mojawapo likasitishwa mwaka 2016, kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wake hawafanyi vizuri kama wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliipa ushindi paclitaxel: baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa bleomycin na vincristine. Huo ni utafiti uliouliza swali la wodi zetu na kulijibu katika wodi zetu.

Lakini majaribio ya namna hiyo ni machache mno, na daftari halifichi. Ukitazama ramani ya majaribio ya tiba ya saratani yanayoandikisha wagonjwa kwa sasa, Marekani, Ulaya Magharibi na China zimejaa, wakati Afrika Mashariki nzima ina idadi inayoweza kusomwa kwa kikao kimoja. Sidhani kama tovuti ilikusudia kutoa hoja ya kisiasa kwa ramani yake, ila hoja ipo. Anayeuguza atakuta kwamba jaribio lililo karibu na hali ya mgonjwa wake liko Houston au Seoul, kwamba linadai mgonjwa afike kituoni kila baada ya wiki tatu, na kwamba mojawapo ya vigezo vya kushiriki ni kutokuwa amewahi kupewa dawa fulani, ambayo mgonjwa wake amekwisha kupewa. Vigezo hivyo havipo kwa ajili ya kuwabagua watu. Vinalinda usalama wao na uwezekano wa kulinganisha makundi. Hata hivyo, kuvisoma kimoja kimoja hadi kufika kile kinachomtoa mgonjwa wako ni jambo linalovunja moyo, na tovuti haina namna ya kukuonya mapema.

Kuna namna bora zaidi ya kuitumia hali hiyo, nayo ni kutafuta majaribio yaliyokwisha ambayo dawa zake zinapatikana hapa. Chukua saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa katika nyonga, ambayo inajaza vitanda vya Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali nyingine za kanda hii. Daftari litakuonyesha KEYNOTE-A18, jaribio lililoongeza pembrolizumab juu ya mionzi na dawa za kemo, ambapo baada ya miaka mitatu asilimia 82.6 ya walioongezewa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 74.8 ya wengine. Ni hatua kubwa, lakini bei ya dawa hiyo inaiweka mbali na familia nyingi. Litakuonyesha vilevile INTERLACE, lililoongozwa kutoka London na kuwapokea wagonjwa 500 katika Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil kwa miaka kumi, kuanzia 2012. Hapo hapakuwa na dawa mpya hata moja. Wagonjwa walipewa carboplatin na paclitaxel kila wiki kwa wiki sita kabla ya kuanza matibabu ya kawaida ya mionzi na kemo, na baada ya miaka mitano asilimia 80 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Dawa hizo mbili ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jaribio la kwanza lilipata vichwa vikubwa zaidi vya habari. La pili ndilo ambalo ningependa kila anayeuguza alijue kwa jina, ili amuulize daktari kama linamhusu mgonjwa wake, akikumbuka kwamba wiki sita za kemo zina madhara yake na kwamba mionzi haipaswi kucheleweshwa baada ya hapo.

Hatari kubwa ya huduma hii ni imani ambayo anwani yake inaijenga. Mtu akiona tovuti ya serikali ya Marekani, hudhani kila kilichomo kimekaguliwa na serikali hiyo. Sivyo. Wadhamini huandika taarifa zao wenyewe; wafanyakazi wa maktaba hukagua makosa ya wazi na ukamilifu wa maelezo, lakini hawathibitishi kwamba tiba inafanya kazi wala kwamba utafiti una maana, na tovuti yenyewe ina tamko linalosema kuorodheshwa kwa utafiti si ithibati. Mwaka 2017 mtafiti Leigh Turner alichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi biashara za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zilivyosajili katika daftari hilo tafiti ambazo mshiriki hulipia mwenyewe, na hivyo kujipatia sura ya kisayansi. Kwa jamaa wa mgonjwa aliyekwisha kata tamaa, mchanganyiko wa namba ya NCT na ankara ya maelfu ya dola ni mtego. Ushauri wangu hapa ni mkali: katika jaribio la kweli la saratani dawa inayojaribiwa kwa kawaida hailipiwi na mgonjwa, na palipo na ada ya kushiriki, funga ukurasa.

Kuna jambo jingine dogo linalopotosha. Jaribio ambalo mdhamini wake hajathibitisha hali yake kwa zaidi ya miaka miwili, wakati tarehe yake ya kumalizika imekwisha kupita, huandikwa kuwa hali yake haijulikani. Usilihesabu miongoni mwa majaribio yaliyo wazi, hata kama namba ya simu bado ipo. Kabla ya kusoma lolote lingine, tazama tarehe ya mwisho ya taarifa kuhuishwa.

Lugha nayo ni kikwazo. Tovuti ni ya Kiingereza, na muhtasari wa mwanzo, ambao wadhamini huelekezwa kuuandika kwa ajili ya mtu wa kawaida, mara nyingi huandikwa na mtu aliyesahau watu wa kawaida huzungumzaje. Umbo jipya la tovuti, lililozinduliwa Juni 2023 na kuchukua nafasi ya lile la zamani mwaka uliofuata, limeleta vichujio vizuri zaidi na maelezo mafupi ya istilahi, ila kusoma jedwali la madhara ya dawa kwenye skrini ya simu bado ni kazi ya macho makali. Ninayemwandikia hapa, kwa hiyo, ni yule kijana wa ukoo anayesoma Kiingereza bila shida na ambaye wazee wamemkabidhi kazi ya kutafuta. Kila ukoo unaye.

Lipo daftari la bara letu, nalo ni Pan African Clinical Trials Registry, lililoko Cape Town chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Lilianza kwa majaribio ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na tangu 2009 linapokea magonjwa yote. Linatambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na majaribio mengine ya Kiafrika yamesajiliwa humo tu, hivyo anayetafuta lazima apite kote kuwili. Kwa urahisi wa kutafuta halifikii lile la Marekani. Shirika la Afya Duniani nalo lina ukurasa wake wa kutafutia katika madaftari mengi kwa pamoja, ambao ni mzuri kwa kuhakikisha kwamba hujaacha kitu, ingawa undani wa kila jaribio bado utaufuata katika daftari lake la asili.

Nikiulizwa alama, kwa kazi ya kupima ukweli wa habari za saratani nalipa daftari hili tisa kati ya kumi, na ile moja nimeinyima kwa sababu ya matokeo yasiyowekwa. Kwa kazi ya kumfikisha mgonjwa wa Afrika Mashariki kwenye matibabu nalipa tatu, na sehemu kubwa ya alama zilizokosekana ni deni la wanaoamua majaribio yafanyike wapi.

Atakayeamua kulitumia aanze kwa kuchukua ripoti ya maabara ya mgonjwa, kwa sababu bila kujua aina ya uvimbe, hatua uliyofikia na vipimo vya vinasaba kama vilifanyika, utafutaji wote unakuwa wa kubahatisha. Achague kichujio cha majaribio yanayoandikisha, aandike nchi yake kwanza, kisha nchi jirani, na asome vigezo vya kumtoa mshiriki kabla ya vigezo vya kumpokea. Akipata jaribio linaloelekea kufaa, anakili namba ya NCT na kumpelekea daktari bingwa anayemtibu mgonjwa, badala ya kupiga simu ng'ambo mwenyewe, kwani vituo vingi vitamtaka daktari huyo atoe muhtasari wa matibabu. Kama jaribio liko Tanzania, aulize kibali chake cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kama liko Kenya, kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili iliyolipitisha. Hati ya ridhaa isomwe nyumbani, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe awepo wakati inasomwa.